Basi Linakwenda Mbele

Watu wa Rwamishenye walikwisha kuwazoea. Mwanzoni, Dativa na mumewe Riyadhi walipoanza kupita na baiskeli zao Jumapili asubuhi, majirani walitoka milangoni kuwaangalia kama wanaangalia gari la matangazo. Walikuwepo waliosema binti wa Kihaya aliyelelewa na Wakatoliki wa Buganguzi hawezi kupanda baiskeli na suruali, na walikuwepo waliosema huyo Mswahili wa mjini amemharibu mtoto wa watu. Wakasema wee, mwisho wakachoka. Wawili hao wakaendelea kukanyaga pedali zao: leo Kyaka, mara nyingine Kamachumu, mara nyingine mpaka Bunazi na kulala huko huko. Wengine wakioana hununua makochi. Wao walinunua baiskeli mbili za mtumba zenye gia, na mpaka leo makochi hawana.

Jumapili hii safari ilikuwa ya Buganguzi, nyumbani kwa baba yake Dativa, ng'ambo ya Muleba. Ni mwendo wa kutwa kwa watu wanaojua kupumzika. Riyadhi alikagua breki, akajaza upepo, akafunga begi la nguo zake nyuma ya kiti, kisha akasimama pembeni kumpisha mkewe. Binti yao, Salma, walikuwa wamemwacha kwa jirani.

"Tangulia wewe, Mama Salma. Mimi nakuja nyuma yako."

Dativa alitangulia, lakini moyo wake haukutulia hata kidogo.

Zamani aliyetangulia alikuwa Riyadhi. Ni tangu Ramadhani ya mwaka jana alipoanza kumpisha, akisema akiwa nyuma anamlinda vizuri zaidi, na Dativa akafurahi kama mjinga. Alijisifu mpaka kwa wateja wake wa cherehani: mume gani mwingine Bukoba nzima anakubali mkewe amwongoze njia? Ila siku hizi furaha hiyo ilikuwa imeingia doa. Riyadhi alikuwa anapiga kumbo vikombe mezani. Alikuwa amemkanyaga kuku wa jirani mchana kweupe. Nje ya msikiti, mzee Haidari alimpa mkono kutoka pembeni, Riyadhi akampita bila kuupokea, na sasa wapo wanaosema anaringa. Dativa alipomuuliza kama macho yanamsumbua, Riyadhi aliokota pakiti ya dawa ya maumivu, akamsomea maandishi yote ya nyuma, mpaka tarehe ya kuisha muda. Mtu anayesoma maandishi madogo kama mayai ya chawa atakuwaje mgonjwa wa macho? Dativa akanyamaza.

Yangekuwa mambo ya nyumbani tu, angeendelea kunyamaza. Lakini kaka yake, Joackim, mwenye shule ndogo ya msingi kule Muleba, alikuwa amenunua basi la wanafunzi, na dereva aliyemtaka alikuwa shemeji yake. Riyadhi aliendesha malori tangu ujana. Tangu tajiri wake alipompunguza kazini mwaka jana alikuwa anashinda nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Basi lilikuwa limeegeshwa uani kwa baba yao, Buganguzi. Jioni hii angekabidhiwa funguo, ateremke nalo mpaka Muleba alikopangiwa chumba, na kesho alfajiri aanze kuokota watoto vijijini. Dativa angerudi Bukoba peke yake. Kwa hiyo alikuwa na siku moja tu, na barabara moja, ya kujua kama mume wake anaona au haoni.

Wana utaratibu wao barabarani. Wa mbele huita, wa nyuma hujibu. Chochote kilichoko njiani, wa mbele anakitaja, ili wa nyuma asikutwe nacho ghafla. Walijifunza hivyo kwa kuanguka, wakati bado wageni wa baiskeli, na sasa waliita bila hata kufikiri.

"Shimo kulia."

"Sawa."

"Mbuzi, kushoto."

"Sawa."

Walivuka Kyetema ukungu ukiwa bado umelala migombani. Riyadhi aliendesha vizuri kabisa. Kila Dativa alipoinama kukwepa kitu, alisikia tairi la nyuma yake likikwepa vilevile, karibu mno, kama mzigo uliofungwa kamba. Akajiambia anamsingizia mtoto wa watu. Akajiambia pia kwamba bado hajamuona akikwepa kitu ambacho hakikuitwa.

Mteremko wa Kemondo ulimtisha. Lori la mchanga lilikuja nyuma yao likipiga honi, Dativa akageuka kutazama, na Riyadhi, badala ya kubana kushoto, aliyumba kwanza kuelekea katikati, kisha ndiyo akarudi. Lori likapita, dereva akatoa mkono dirishani akawatukana. Dativa alifunga breki chini ya mteremko, ziwa jeupe kushoto kwao.

"Vipi tena, Baba Salma?"

"Upepo wa lori," Riyadhi alisema, akitabasamu. "Umesahau upepo wa malori? Twende, jua litatuunguza."

Alisema kwa wepesi wa mtu mwenye jibu lililokaa tayari mdomoni. Dativa alimjua mumewe. Huyu hakuwa mtu wa majibu ya haraka, hata ukimuuliza atakula nini anafikiri kwanza. Hapo ndipo alipoamua atafanya jambo ambalo asingependa kumsimulia mtu.

Waliupanda mlima upande wa pili, wakatokea penye tambarare kuelekea Muhutwe, na Dativa akaacha kuita.

Ulikuwa ukatili, na alijua ni ukatili. Alianza na vitu vidogo. Palikuwa na shimo, akalizunguka kimya. Riyadhi akalizunguka pia, na Dativa karibu acheke kwa furaha. Akapita jiwe kimya. Riyadhi akalipita. Lakini alikuwa amelifuata tairi la Dativa tu, hakuwa amekwepa jiwe. Basi Dativa akaongeza gia, akakanyaga, nafasi kati yao ikapanuka, mita kwa mita, mpaka hakusikia tena pumzi ya mumewe mgongoni.

"Mbona unakimbia?" Riyadhi aliita kwa nyuma. Sauti yake ilikuwa na woga, na Dativa alijifanya hakusikia.

Mbele, kushoto, mtu mmoja alikuwa anatoka kwenye njia ya shambani akisukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, mikubwa, mitatu, imening'inia mpaka karibu na ardhi. Alikuwa amekwisha kuingiza tairi la mbele kwenye lami. Kipofu ndiye asingemuona. Dativa alimpita, wakasalimiana kwa kichwa. Neno lilikuwa kwenye ulimi. "Mtu, kushoto." Maneno mawili tu. Akauma mdomo.

Alisikia kishindo, na juu ya kishindo honi ndefu ya basi.

Aligeuka akamuona Riyadhi ameanguka upande wa kulia, nusu ya mwili kwenye lami, baiskeli juu ya miguu yake, na basi la kwenda Biharamulo linamjia. Mkono wa Dativa ulinyooka kuelekea kwake kana kwamba ungefika. Basi likapinda, likaingia upande usio wake, likarudi, likapita. Vumbi likabaki. Kungekuwa na gari lingine linakuja kutoka mbele, hadithi hii ingekuwa fupi na isingekuwa na wa kuisimulia.

Mwenye ndizi ndiye aliyefika wa kwanza. Mikungu yake ilikuwa imetawanyika chini, naye alikuwa amekasirika mpaka midomo inacheza.

"Huyu bwana haoni? Nimesimama, nimepiga kengele, ananijia tu. Ananijia kama anakuja kunisalimia."

"Tusamehe, waitu, ndugu yetu," Dativa alisema. "Kosa ni langu." Mtu yule hakuelewa kosa lake liko wapi, maana alimuona akipita salama. Walimsaidia kufunga mikungu, wakambembeleza, akaenda zake akigeukageuka.

Riyadhi alikaa kwenye majani ya kando ya barabara. Kiwiko kilikuwa kimechunika. Alikuwa anakitazama kwa makini sana, kama fundi anavyotazama kifaa cha mtu mwingine.

"Hukuniita," alisema.

"Sikukuita."

"Kwa nini?"

Dativa alitaka kusema amesahau. Uongo huo ulikuwa karibu, na ungekubaliwa. Lakini bado alikuwa anaisikia ile honi.

"Nilikuwa nakupima."

Riyadhi akacheka kicheko kikavu kisichokuwa na kitu ndani yake. "Umenipima kwa basi, Dativa. Wenzako wanapima kwa herufi ukutani."

Hakuwa na kawaida ya kumwita Dativa. Ndipo akasema yote, bila kumwangalia, akichuma majani moja moja. Alikwenda kwa daktari wa macho kabla ya mfungo wa mwaka jana, peke yake, baada ya kukwaruza geti la tajiri wake mara ya pili. Daktari akasema ni presha ya macho. Katikati panabaki pazima, pembeni panazimika kidogo kidogo, na kilichozimika hakirudi. Alipewa dawa ya matone ya kuzuia isiendelee. Alikuwa anaificha kwenye boksi la spana, kwa sababu ndipo mahali pekee nyumbani ambapo Dativa hapangi vitu upya.

"Unaona nini sasa hivi?" Dativa aliuliza.

"Nikikuangalia usoni, nakuona uso. Mikono yako siioni mpaka niitafute." Aliweka ngumi mbili kwenye macho, zenye tundu katikati. "Kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Lakini ndani ya bomba naona vizuri, wallahi naona kuliko wewe. Leseni nimekata upya mwezi uliopita. Herufi zote nilizisoma, mpaka mstari wa mwisho."

"Na unataka kuendesha basi la watoto."

"Ninaona mbele. Basi linakwenda mbele."

"Na watoto wanatoka pembeni."

Kwenye mti wa mkaratusi juu yao ndege walikuwa wanagombana kwa fujo, na Dativa akawachukia, kwa sababu alihitaji kitu cha kuchukia ambacho si mume wake. Alikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kumpiga. Wakati huohuo alitaka kumfunika kwa kanga mtu asimuone mpaka wafike nyumbani.

"Sikiliza," Riyadhi alisema mwishowe. "Nimekaa nyumbani mwaka mzima. Asubuhi unakwenda kwenye cherehani yako, mimi nabaki nafuta vumbi kwenye redio. Joackim aliponipigia simu nililia, wewe hukujua. Usiniumbue mbele ya wakwe. Niachie nimwambie mwenyewe, kwa kinywa changu."

"Kabla hujashika funguo."

"Kabla sijashika funguo."

"Sema kwa jina la Salma."

"Kwa jina la mwanangu."

Wakapanda tena baiskeli. Kutoka hapo mpaka Muleba, Dativa aliita kila kitu. Aliita mashimo, kokoto, mbwa waliolala, wanawake waliokuwa mbali upande wa pili wa barabara, mpaka sauti ikakwaruza. Riyadhi alijibu "sawa" kwa kila moja, kwa upole uliomchoma Dativa zaidi kuliko ugomvi. Muleba walikula chapati na maharage karibu na soko. Hawakuzungumza isipokuwa juu ya chumvi.

Baada ya Muleba, barabara ya Buganguzi ni ya vumbi jekundu na inapanda. Inajikunja pembezoni mwa milima, upande mmoja migomba na kahawa, upande mwingine korongo ambalo chini yake unaona mapaa ya bati madogo kama vifuniko vya soda. Dativa alikuwa ameipita tangu utoto bila kuitazama. Leo aliitazama kila kona. Hapa ndipo basi lingeshuka alfajiri, limejaa. Watu walikuwa wametoka ibada ya mchana, watoto wakitembea katikati ya njia, wengine wakikimbia sambamba na gurudumu la Riyadhi wakimpungia mikono na kumwita. Hakumgeukia hata mmoja. Watoto wakakata tamaa, wakabaki nyuma.

Basi ndilo walilolikuta kwanza. Lilikuwa la manjano, kuukuu lakini limepakwa rangi upya, limesimama uani mbele ya nyumba likiwa refu kuliko migomba. Joackim alitoka mbio kuwapokea, mtu mnene mwenye furaha isiyokuwa na subira, na kabla hawajashuka vizuri, kabla ya maji ya kunawa, alikuwa ameinua funguo juu.

"Shemeji. Mtoto wako huyo. Mwamshe tumsikie."

Riyadhi alikuwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja. Alizitazama zile funguo, moja kwa moja, ndani ya bomba lake, ambamo hakukuwa na kitu kingine chochote. Akanyoosha mkono akazipokea.

"Ahsante, shemeji," alisema. "Mungu akuzidishie."

Labda anasubiri wakae, Dativa alijiambia. Labda anataka amalize salamu. Wakamwamkia Mzee Mutembei, baba yake, na mama akatoka jikoni akafurahi, akauliza kwa nini kiwiko cha mkwe kimechunika, akaambiwa ni mambo ya barabara. Riyadhi aliwasha basi. Alisikiliza injini ameinamisha kichwa, akazima, akafungua boneti, akataja mkanda unaotakiwa kubadilishwa na breki zinazotakiwa kukazwa. Joackim alifuatana naye akiitikia kama mwanafunzi. Uso wa Riyadhi ulikuwa umefunguka. Dativa hakuwa ameuona hivyo tangu mwaka jana, na uchungu ulimpanda mpaka puani, kwa sababu alielewa kwamba mtu mwenye uso ule hasemi kitu.

Wakala ndizi na samaki. Hakusema. Wakahamia barazani, Joackim upande mmoja, Mzee upande mwingine kwenye kiti chake kifupi, Dativa kwenye kigoda karibu na goti la mumewe. Hakusema. Alikuwa anazungusha funguo kwenye kidole na kumweleza Joackim habari za kushuka mlima kwa gia. Dativa alikohoa. Alimgusa mguu kwa kidole. Riyadhi alisogeza mguu.

Ndipo Mzee Mutembei alipoagiza kahawa.

Hapa inabidi kueleza. Dativa alipotaka kuolewa na Riyadhi, kilichowauma wazee wa Buganguzi zaidi si dini peke yake. Waliuliza, mkwe asiyekunywa rubisi tutakaa naye vipi? Pombe ya ndizi ndiyo inayofungua mdomo wa ukoo. Mkwe asiyeonja mnabaki mnatazamana tu. Mjadala ulichukua siku, watu wakatoka na kurudi. Mwisho Mzee Mutembei akasema basi, yeye na huyu kijana watatafuna kahawa. Tangu siku hiyo, kila Riyadhi akija, mzee humpa mwenyewe zile kahawa kavu zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri, kwenye kikapu kidogo, na humpa yeye kwanza kabla ya watoto wake wa kuzaa. Hapokei mtu mwingine kwa niaba yake. Unapokea kwa mikono miwili, unatafuna, na hukatai. Kukataa ni kusema unaogopa kulishwa sumu, au kwamba undugu umekwisha.

Mzee alikipokea kikapu kutoka kwa mama, akakisogeza kwa mkono kumwelekea mkwe wake, chini kidogo, usawa wa goti. Riyadhi aliendelea kuzungumza na Joackim.

Kikapu kikabaki hewani.

"Mkwe," Mzee alisema.

Riyadhi aligeuka mara moja. Alimtazama mzee usoni, akatabasamu kwa heshima. "Naam, mzee wangu."

Akangoja. Mzee naye akangoja. Kikapu kilikuwa katikati yao, na Riyadhi alitabasamu juu yake kana kwamba si kitu. Mama, aliyekuwa anarudi ndani, alisimama mlangoni. Joackim aliacha kucheka.

"Au siku hizi kahawa yetu imekuwa chungu?" Mzee aliuliza taratibu.

Dativa aliuona uso wa mumewe ukielewa. Ilikuwa ni kukaza kidogo tu kwa taya. Angeweza kuinamisha macho akitafute, lakini angekitafuta kwa muda, macho yakitangatanga chini na kiganja kikipapasa, na Joackim yuko pale anaangalia. Riyadhi hakuinama.

"Nimeacha kahawa, mzee."

"Umeacha."

"Nimeacha."

"Shemeji, chukua hata moja," Joackim alisema kwa sauti ya chini. "Mzee amekushikia."

"Nimesema nimeacha."

Mzee Mutembei alikirudisha kikapu mapajani mwake. Alikitazama, akakifunika kwa kiganja. "Haya," alisema. "Mtu akishapewa funguo huacha mengi."

Dativa aliutazama mkono wa baba yake juu ya kikapu. Aliona wazi kabisa jinsi mambo yalivyokuwa rahisi. Akinyamaza, wangekasirika. Wangesema walijua tangu mwanzo, Mswahili wa mjini haheshimu mtu. Lakini Joackim alikwisha kulipia basi, na hasira hazimnyang'anyi mtu kazi. Riyadhi alikuwa tayari kuitwa mwenye kiburi katika nyumba hii mpaka kufa, mradi asiitwe kipofu. Alikuwa ameuza kahawa ya mzee, kitu pekee kilichowafanya wawe ndugu, ili kesho ashike usukani. Na amekula kiapo kwa jina la Salma.

Alimpenda. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alimpenda akiwa amekaa pale, shingo imenyooka kwa uongo.

"Tata," Dativa alimwambia baba yake. "Nenda ukae mbele yake umpe. Hapo ulipo hakioni hicho kikapu."

Riyadhi alifumba macho.

"Haoni pembeni, tata. Wala chini. Ni ugonjwa. Anakuona uso tu. Hajaikataa kahawa yako, hajaiona."

Joackim alimtazama shemeji yake, kisha akalitazama basi, kisha akatazama nje ya ua, njia ilikokuwa inapinda kuingia korongoni. Dativa aliona mawazo yakimfikia mmoja baada ya mwingine.

Mzee Mutembei alinyanyuka. Ilimchukua muda, magoti yake si ya jana. Alizunguka, akasimama mbele ya mkwe wake, akakiinua kikapu mpaka usawa wa kidevu, akakishika hapo.

"Fumbua macho, mwanangu," alisema. "Nimekuja mbele."

Riyadhi akafumbua. Akakiona. Alinyanyua mkono wa kushoto, akataka kunyanyua wa kulia, na funguo zikalia kidoleni. Mikono miwili ndiyo inayopokea kahawa. Alizitazama funguo kama mtu anayesoma, mpaka mwisho. Kisha akazivua kidoleni, akaziweka sakafuni, akapokea kwa mikono yote miwili, akatia mdomoni, akatafuna. Walimsikiliza akitafuna. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyapangusa.

"Tangu lini?" Mzee aliuliza.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Shemeji," Joackim alisema, "kesho, wale watoto..."

"Ningeendesha," Riyadhi alisema. "Nilimwapia mke wangu nitakwambia, nikala kiapo kwa jina la mtoto wangu, na nilikuwa sikwambii. Angenyamaza, kesho alfajiri ningeendesha. Nataka ujue hivyo, usije ukanionea huruma."

Joackim aliinama akaokota funguo, akazitia mfukoni. Mama alikuwa bado mlangoni, ameshika gauni lake la gomesi kwa mikono miwili. Dativa hakuthubutu kusogea. Alijua amefanya alilopaswa kufanya, na alijua pia kuna wanaume ambao hawarudi nyumbani baada ya kitu kama hiki, wanabaki wamelala kitanda kimoja na wewe miaka mingi lakini hawarudi. Alisubiri aone mume wake ni wa aina gani.

Riyadhi aligeuza kichwa kushoto, halafu kulia, polepole, akipitisha lile tundu lake dogo juu ya uwanja, basi, mlango, ukuta.

"Mama Salma. Uko wapi?"

"Niko hapa. Chini hapa, karibu na mguu wako."

"Sikuoni," alisema, mbele ya wote.

Dativa alikibeba kigoda chake, akakizungusha, akaenda akakaa mbele yake.